Kuchonga kina kirefu kwa leza: meza ya mota inayopanda kila raundi inabakiza fokasi kweli au tunauziwa tu?

#1 mchonga_mvule
Wakuu habari za mihangaiko. Nina leza ya CO2 wati 80, kontrola ya Ruida, lenzi ya inchi 2, kazi zangu ni nakshi za milango na vibao vya majina kwenye mvule na mninga. Siku hizi wateja hawataki ile ya kukwaruza juu juu, wanataka kina mpaka kidole kizame, kuna mmoja anataka milimita 12. Sasa raundi ya kwanza na ya pili zinatoka safi, kona kali, ukuta umesimama, ila ikifika ya nne ya tano mstari unanenepa, ukuta unalala, chini panabaki mkaa na leza kama haichimbi tena inababua tu. Fundi mmoja kaniambia dawa ni kufunga meza ya mota, kila raundi ikiisha meza inapanda yenyewe kiasi kile kilicholiwa, fokasi (pale mwale unapobana kabisa) inabaki palepale chini ya shimo. Gharama yake si ndogo, kabla sijatoa hela nataka kusikia kwa waliokwisha kuitumia. Inasaidia kweli?

#2 Stepa_23
Inasaidia, tena sana. Lenzi yako ya inchi 2 fokasi yake ni milimita 50.8, na kwa mwale wa milimita 6 unaoingia kwenye lenzi ile sehemu ambayo mwale unabaki mwembamba ni kama milimita moja juu na moja chini basi. Ukishachimba milimita 4 bila kusogeza chochote unachonga na mwale uliokwisha kufunguka, pawa ileile imetawanyika eneo kubwa, lazima ibabue. Kwenye LightBurn, ile programu ya kuendesha leza, washa mhimili wa Z (wa kupanda na kushuka) kwenye setingi za mashine, halafu kwenye leya weka idadi ya raundi na hatua ya Z kwa kila raundi. Kwisha habari.

#3 wa_Kisauni
Mie naona mnampeleka mbali bure. Ndugu yangu nunua lenzi ya inchi 4, kitu cha bei ndogo kuliko meza. Kina cha fokasi kinakuwa kirefu mara nne, badala ya milimita moja juu na chini unapata karibu nne, ukiweka fokasi katikati ya kina umemaliza milimita 8 pasi na mota wala waya. Doa linakuwa kubwa mara mbili, kwa hiyo pawa inapungua nusu, unapunguza spidi yaishe.

#4 Bi_Nakshi
wa_Kisauni hapo kwenye pawa sivyo kaka yangu. Doa likipanuka mara mbili eneo linakuwa mara nne, kwa hiyo nguvu kwa kila milimita ya mraba inashuka mpaka robo, sio nusu. Kwa maua makubwa hamna neno, ila kwa herufi ndogo na zile kamba za kusokota pembeni ya fremu inchi 4 inakuharibia kazi, kona zote zinaviringika. Hiyo lenzi ninayo, natumia kwa nakshi pana tu.

#5 wa_Kisauni
Robo sawa, nimekupata dada. Ila bado nasimama palepale, mlango ni nakshi pana.

#6 Moshi_Mweupe
Mimi nawapinga wote wawili. Mchonga_mvule kasema mwenyewe "chini panabaki mkaa", jibu lake limo humo humo kwenye swali. Mbao ikishakuwa mkaa sio mbao tena, kaboni haiyeyuki, inataka joto la zaidi ya nyuzi 3600 ndio iruke, mbao yenyewe inaanza kuvunjika kwenye mia mbili na kitu mia tatu. Raundi ya pili inakuta mkaa mwembamba, ya tano inakuta mkaa mnene umejaza shimo, leza inahangaika na mkaa wa jana badala ya mbao. Hata upandishe meza vipi fokasi itakaa juu ya mkaa. Tumia brashi kila baada ya raundi mbili, upepo wa kompresa wenye nguvu na sio ile pampu ya samaki inayokuja na mashine, utaona kina kinarudi bila meza.

#7 mchonga_mvule
@Moshi_Mweupe kompresa ninayo, brashi natumia ya nailoni. Inasaidia rangi ya chini inakuwa nzuri ila ukuta bado unalala. Ndio maana nashuku fokasi.

#8 msee_wa_leza254
Niaje wadau. Nashangaa mpaka sahii hakuna mtu ametaja nozeli, ile ncha ya kichwa inayopuliza hewa chini ya lenzi. Buda unataka kuchonga 12mm na lenzi ya inchi 2, sawa, sasa pima leo gap ya kutoka ncha ya nozeli mpaka juu ya mbao ukiwa kwenye fokasi. Mashine mingi ni kama 6 mpaka 10mm. Meza ikipanda 12mm, ile sehemu ya mbao ambayo hujachonga nayo inapanda 12mm. Inaingia wapi? Inagonga nozeli, kichwa kinakwama, belti inaruka meno, kazi imeisha na pengine kioo cha tatu kimetoka alignment. Meza inafanya poa kabisa, nimeitumia, lakini hesabu ya kwanza ni hiyo gap kabla hujaguza Z step.

#9 Stepa_23
Uko sahihi hapo mkuu. Dawa ni nozeli fupi. Unakata hewa kidogo lakini unapata nafasi.

#10 Moshi_Mweupe
Unakata hewa kwa hiyo unaongeza mkaa 😀 tumerudi kwangu.

#11 msee_wa_leza254
Haha zii, kuna njia. Toa nozeli, weka bomba jembamba la shaba pembeni limeinama linapuliza kwa angle mpaka ndani ya shimo. Hewa inafika na kichwa hakigongi. Muhimu lenzi ilindwe, bila nozeli moshi unapanda moja kwa moja kwa lenzi na ZnSe (kioo cha lenzi yenyewe) ikishika masizi inakula joto inapasuka. Kwa hivyo acha ka-hewa kadogo kakishuka ndani ya tyubu pia.

#12 kijana_wa_K40
Samahanini wazoefu, mimi nina K40 ile ya wati 40, haina Z kabisa, bodi yake ni ya X na Y tu. Nimeona jeki ya mkasi ile ya maabara, unazungusha skrubu inapanda. Nikiifunga mota ya stepa NEMA 17 hapo mbele si nimepata meza ya mota kwa bei poa? Nitaibonyeza kwa mkono kila raundi ikiisha, kitufe kimoja juu kimoja chini.

#13 Bi_Nakshi
Mdogo wangu itapanda, lakini haitapanda sawa, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Jeki ya mkasi ikiwa chini kabisa mikono imelala, skrubu ikizunguka mara moja meza inaruka juu sana. Ikishafika juu mikono imesimama, mzunguko uleule unainua kidogo tu. Kwa hiyo huwezi kuweka namba moja ya hatua kwa milimita ikafaa kote. Ukiweka setingi ukiwa katikati, ukibadilisha unene wa mbao tayari namba zako za uongo. Halafu ikiwa chini ndio inataka nguvu zaidi, NEMA 17 ndogo inanguruma tu haizunguki. Kwa kunyanyua kuweka fokasi mara moja kabla ya kazi inatosha, kwa kupanda milimita na nusu kila raundi hapana. Tafuta meza ya skrubu nne za kusimama zilizounganishwa na belti moja, hapo mzunguko mmoja ni uleule juu na chini.

#14 kijana_wa_K40
Asante dada. Hatua kwa milimita nazipataje kwenye hiyo ya skrubu nne?

#15 Stepa_23
Mota ya nyuzi 1.8 ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ukiiweka mgawanyo wa 16 zinakuwa 3200. Skrubu ya T8 (kipenyo milimita 8) nyingi zinazouzwa mzunguko mmoja zinapanda milimita 8, kwa hiyo 3200 gawa kwa 8 ni 400 kwa milimita. Kama ni ya kupanda milimita 2 basi ni 1600. Angalia sana maana zote zinaitwa T8 na kwa macho zinafanana, watu wanaweka 1600 kwenye skrubu ya 8 meza inapaa mara nne ya walichotaka, na hapo ndio habari ya nozeli ya msee_wa_leza inakuja.

#16 Nati_Kaza
Naongezea kwa Stepa. Kati ya hizo mbili chukua ya 2. Ile ya 8 uzi wake umelala sana, umeme ukikatika katikati ya kazi mota inaachia na meza nzito inajizungusha inateremka yenyewe, ukirudi fokasi hujui iko wapi. Ya 2 uzi umebana, umeme ukikatika inabaki pale pale. Polepole kweli, lakini tunazungumzia milimita moja na nusu kila baada ya dakika ishirini, haraka ya nini. Na kitu kingine, hesabu za karatasini zisikutoshe, chukua venia (kipimo cha kupimia sehemu za milimita), amrisha meza ipande 20, pima, kama imepanda 19.6 rekebisha.

#17 Mzee_Patasi
Salaam vijana wangu. Mimi leza sina, nachonga milango kwa nyundo na patasi tangu ujana wangu, ila uzi huu nimeusoma wote kwa sababu mbao mnazotaja nazijua. Hakuna aliyetaja mawe. Mvule una mawe ndani yake, chokaa iliyoganda ndani ya mti, mengine madogo huyaoni mpaka patasi igonge ivunjike meno. Nauliza, leza yenu ikikuta jiwe inafanya nini? Maana huyu kijana anasema chini hapachimbiki, huenda si mwanga wala mkaa, ni ubao aliopewa. Chonga mninga kwa vipimo vilevile uone.

#18 mchonga_mvule
Shikamoo mzee. Hilo sikulifikiria kabisa. Kuna vidoa vyeupe vigumu nimewahi kuviona chini ya shimo nikadhani ni majivu. Ila kwenye mninga pia inanitokea japo kidogo.

#19 Mzee_Patasi
Marahaba. Basi yako mambo mawili. Na ukipata mfenesi au msaji jaribu, milango mingi ya zamani pwani ilikuwa ya mbao hizo pia sio mvule peke yake. Ule mfaa, nguzo ya katikati ya mlango, usiuchonge kina chote kwa leza, uache umaliziwe kwa mkono, kuta zake zinataka kusimama.

#20 wa_Kisauni
Mzee umenena. Hao wa leza mfaa wanautoa bapa kama ruler ya shule halafu wanauita mlango wa Lamu 😅

#21 Bi_Nakshi
Wewe na lenzi yako ya inchi 4 ndio wa kusema bapa? 😂

#22 Muhuri_na_Shaba
Nimechelewa. Mimi nafanya faiba leza, mihuri na chapa za kugandamiza ngozi kwenye brasi. Huku kupandisha sio mjadala ni lazima, ila mahesabu ni mengine kabisa. Raundi moja kwenye brasi inakula sehemu za mia za milimita, kwa hiyo hupandishi kila raundi, unapandisha baada ya raundi nyingi ukishapima na geji kuwa umepoteza robo au nusu milimita. Lenzi ya 163 (umbali wa fokasi milimita 163) nayo kina cha fokasi yake ni kama milimita moja juu na chini tu, lakini huku hatuna nozeli ya kugongana nayo, lenzi iko mbali juu. Nguzo nyingi huwa za kuzungusha kwa mkono, mimi nimefunga stepa. Na kila raundi nageuza pembe ya mistari, la sivyo mifereji inajirudia palepale chini panakuwa matuta, mtu anadhani fokasi imepotea kumbe ni mistari.

#23 kijana_wa_K40
Kaka hiyo faiba, miwani ya kijani iliyokuja na leza ya dayodi ya rafiki yangu inafaa nikija kuangalia?

#24 Muhuri_na_Shaba
USIJE nayo. Dayodi nyingi ni nanomita 450, mwanga wa bluu unaouona. Faiba ni 1064, haionekani kabisa na inapenya mpaka nyuma ya jicho, hutajua mpaka umeshaumia. Miwani lazima iandikwe 1064 na kiwango chake. CO2 ni 10,600, hiyo hata akriliki safi ya mfuniko inaizuia, ndio maana watu wa CO2 wanazoea kuangalia kupitia kidirisha, wakija kwenye faiba wanaleta mazoea yale yale. Acha kabisa.

#25 Nati_Kaza
Na madam tumeingia kwenye usalama, kuna mtu kule uzi mwingine anachonga PVC. Inatoa haidrojeni kloraidi, inakula mapafu na inakula reli za mashine. Turudi kwenye meza.

#26 Bi_Nakshi
Nirudi kwa mchonga_mvule. Kuna kitu hakijasemwa na mimi naona ndicho kinachokutesa. Mwale wa leza ni koni. Unaingia kwenye lenzi na upana wa milimita 6, unabana mpaka kwenye doa baada ya milimita 50.8. Sasa ukipandisha meza ili doa likae chini ya shimo la milimita 12, pale juu mdomoni mwa shimo mwale una upana gani? 6 mara 12 gawa kwa 50.8, ni milimita 1.4. Kama mfereji wako ni mwembamba kuliko hapo, kingo za juu zinaukata mwale kabla haujafika chini. Kingo zinaungua, ukuta unalala, chini hapapati pawa. Hiyo ndiyo picha uliyoieleza! Na ukipandisha meza ndio unaikaribisha zaidi. Kwa hiyo kwa nakshi pana meza itakufaa, kwa mistari myembamba haitakufaa hata iwe ya dhahabu, pale unataka lenzi ndefu ambayo koni yake imesimama.

#27 wa_Kisauni
Inchi 4. Ahsante kwa kunitetea dada 🙏

#28 Bi_Nakshi
Sikukutetea. Kwa mstari wa nusu milimita inchi 4 nayo doa lake nene na kwa kina cha 12 itakwama vilevile. Mwembamba na kina vyote kwa pamoja ni kazi ya mkono au ruta.

#29 Chila_Moto
Mnasahau joto la tyubu. Kazi ya kina ni ya saa nzima mpaka mbili, tyubu ya kioo inataka maji kati ya nyuzi 15 na 25. Wengi hapa Dar wanatumia CW-3000, ile sio friji ni rejeta na feni, haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa 33 maji yako ni zaidi ya 33. Pawa inashuka polepole, raundi ya kwanza ina nguvu ya tano haina, mtu analaumu fokasi. Anza kazi na maji ya baridi halafu linganisha raundi ya kwanza na ya mwisho juu ya ubao mpya. Gharama yake sifuri.

#30 Stepa_23
Chila lako linaeleza kina kupungua, halielezi mstari kunenepa. Pawa ikishuka mstari unakuwa mwembamba.

#31 Chila_Moto
Unanenepa pia maana anaongeza raundi kufidia na kingo zinaendelea kuungua.

#32 Mchoro_Kijivu
Swali la pembeni kidogo, mnachonga kwa picha ya kijivu ya 3D (panapokolea weusi ndipo panapochimbwa zaidi) au kwa maumbo bapa? Kwa picha ya kijivu kupandisha meza kila raundi ni makosa, kwa sababu sehemu nyeupe hazijashuka, zimebaki juu, ukipandisha unazitoa kwenye fokasi wao ili kuwafuata weusi. Mpaka uikate picha kuwa vipande vya tabaka, kila tabaka lichonge eneo lake tu na meza ipande kwa tabaka. Hapo ndio mota inafanya kazi yake sawasawa, kila tabaka linachongwa likiwa kwenye fokasi.

#33 mchonga_mvule
Maumbo bapa zaidi, picha za kijivu mara chache.
Wakuu nimerudi na majaribio. Jamaa mmoja ana meza ya skrubu nne kanikaribisha kwake. Ubao mmoja wa mninga ili mawe ya mzee yasituchanganye, lenzi ya inchi 2, tumeishia milimita 6 kwa sababu ya nozeli. Miraba mitatu mipana na pembeni ya kila mraba herufi nyembamba. Wa kwanza meza imetulia. Wa pili meza inapanda 1.5 kila raundi. Wa tatu tunasimamisha, tunapiga brashi, tunapima kina na venia, tunapandisha kile kilicholiwa tu. Wa kwanza umelala kuta kama kawaida. Wa pili raundi za mwanzo safi, halafu ukaharibika, tulipopima tukakuta leza inakula kama 1.1 na sio 1.5, kwa hiyo fokasi ilikuwa inazama ndani ya mbao kila raundi inatutangulia. Wa tatu mzuri mno, chini bapa, kona zipo. Ila herufi nyembamba kwenye miraba yote mitatu ni mbaya, tofauti ndogo sana.

#34 Stepa_23
Umeona. Fokasi.

#35 Bi_Nakshi
Umeona. Koni. Herufi hazikusaidika.

#36 Moshi_Mweupe
Mraba wa tatu ndio pekee uliopigwa brashi. Na nyie mnaona fokasi.

#37 mchonga_mvule
Hilo kweli, wa pili hatukupiga brashi. Nitarudia wa pili na brashi na wa kwanza na brashi.

#38 Nati_Kaza
Ukirudia angalia kitu kimoja, mwelekeo. Meza ikiwa inapanda tu uzito wake unabana nati upande mmoja, ulegevu hauonekani. Ila ukishamaliza ukairudisha chini kwa kazi nyingine, ishushe ipitilize milimita mbili halafu ipande mpaka kwenye sifuri. Usiifikie sifuri ukitokea juu. Na pima kona zote nne, belti ikiruka jino moja kona moja inabaki nyuma na ubao umeinama, upande mmoja utakuwa kwenye fokasi mwingine hapana, mtabishana wiki nzima hapa.

#39 msee_wa_leza254
Na kabla ya kufyatua jaribu Z ikiwa leza imezimwa. Kuna mashine ukiandika chanya inapanda, zingine waya za mota zimegeuzwa inashuka. Mkono kwa emergency stop.

#40 Mzee_Patasi
Kijana, huo ubao wa mninga ulikuwa mkavu? Uliobichi unatoa mvuke na kuta zinapinda ukishakauka hata kama mwanga wako ulikaa pale pale.

#41 mchonga_mvule
Mzee umekaa ghalani tangu masika, lakini sijaupima unyevu. Nitaazima kipimo nikirudia.

#42 Chila_Moto
Na joto la maji mliliandika?